Nafsi Iliyomo Ndani ya Kitenzi: Kumsoma Eva Hoffman kutoka Ukambani

Makala haya yanadhamiria kuijadili tawasifu ya Eva Hoffman iitwayo Lost in Translation, iliyochapishwa mwaka wa 1989. Tunaijadili kwa sababu ya swali moja ambalo katika taaluma yetu aghalabu hukwepwa: ni kitu gani hasa hutokea msomaji anapojiona katika maisha ya mwandishi ambaye hana uhusiano naye wa damu, wa nchi, wa dini wala wa historia? Tumezoea kuwaonya wanafunzi wetu wasiandike katika insha zao kwamba mhusika fulani "ni kama mimi". Tunawataka wataje dhamira, wachambue fani, waoneshe mwingiliano wa matini. Onyo hilo lina busara yake, kwa kuwa msomaji anayejitafuta katika kila kitabu huishia kusoma kitabu kimoja tu maisha yake yote. Hata hivyo, tawasifu ni utanzu unaomkaribisha msomaji sebuleni, na mhakiki anayejifanya kwamba alisimama mlangoni muda wote hatuambii kweli.

Hoffman alizaliwa Kraków, nchini Poland, mwaka wa 1945, akaitwa Ewa Wydra. Wazazi wake walikuwa Wayahudi walionusurika mauaji ya Wanazi kwa kujificha katika eneo ambalo leo limo nchini Ukraine. Mwaka wa 1959, Ewa akiwa na umri wa miaka 13, jamaa hiyo ilipanda meli iitwayo Batory katika bandari ya Gdynia ikahamia Kanada, na hatimaye ikafika Vancouver. Baadaye binti huyu alisoma katika Chuo Kikuu cha Rice kule Texas, akapata shahada ya uzamifu Harvard, akafanya kazi ya uhariri katika gazeti la New York Times. Kitabu kimegawika katika sehemu tatu: ya kwanza ni pepo ya utotoni, ya pili ni uhamisho, ya tatu ni dunia mpya. Huo ndio muhtasari, na ukiuangalia ulivyo, hamna ndani yake jambo lolote linalomhusu mtu aliyelelewa Makueni.

Yamkini msomaji wa Afrika Mashariki angetarajiwa kujiona kwingineko. Fasihi ya Kiswahili ina masimulizi yake ya watu waliong'olewa kwao. Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichotoka mwaka wa 1934, kinasimulia habari za mateka waliookolewa baharini wakapewa makao mapya Freretown, Mombasa. Abdulrazak Gurnah, aliyeondoka Zanzibar miaka ya 1960 na kutunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2021, ameandika riwaya nyingi juu ya watu waliovuka bahari wasirudi. Tunawasoma na kuwasomesha kwa heshima, tukiwaona kama jamaa zetu. Lakini ujamaa unaotarajiwa haumshtui mtu. Kilichomshtua mwandishi wa makala haya ni kufungua kitabu cha mwanamke Myahudi wa Kraków, kwa ajili ya kutayarisha mihadhara juu ya tawasifu, na kukuta humo neno moja ambalo amekuwa akilikimbia tangu utotoni.

Neno lenyewe ni mto.

Katika sehemu ya pili ya kitabu, Hoffman anaeleza jinsi maneno ya Kiingereza aliyokuwa akijifunza Vancouver yalivyokuwa makavu. Alijua maana yake, lakini hayakubeba chochote. Mfano anaoutoa ni wa neno la Kiingereza la mto. Neno la Kipolandi, rzeka, lilikuwa na uhai kwake. Lilikuja na mito aliyoijua, na maji aliyowahi kuyatia mkono. Neno la Kiingereza lilikuja peke yake, likisimama mbele ya kitu bila ya kukigusa.

Nilipofika hapo nilikifunga kitabu. (Msomaji ataniwia radhi kwa kuiacha ghafla ile nafsi ya heshima ya "tu" na "mwandishi wa makala haya", sababu yake itaonekana punde.) Mito ya kwetu, kama Kaiti na Thwake, ni mito ya mchanga. Kwa Kikamba mto huitwa ũsĩ, na ũsĩ nilioujua utotoni haukuwa na maji ya kuonekana kwa sehemu kubwa ya mwaka. Ulikuwa ni mchanga mweupe kati ya kingo mbili. Mtu alikwenda mtoni na kata na mtungi, akapiga magoti, akachimba kwa mikono, kisha akakaa kusubiri. Maji yalijikusanya polepole chini ya shimo, machafu kwanza, kisha yakatakata. Aliyefika mapema alichota mapema, na aliyechelewa alisubiri zamu yake akizungumza na wenzake. Wakati wa mvua maji yalikuja kwa ngurumo kutoka vilimani, nasi tuliamrishwa tukae mbali. Kwa hiyo ũsĩ kwangu mimi ni mahali pa kukaa na kusubiri, na siku chache kwa mwaka, mahali pa kuogopa.

Kisha tukafundishwa shuleni "mto". Katika vitabu vya kusomea mto ulikuwa na maji siku zote, na juu yake palikuwa na daraja, na pengine mtu katika mtumbwi. Nilijifunza kulitamka na kuliandika, nikapata alama zangu. Sikuwahi kumwambia mwalimu kwamba sijauona mto wa namna hiyo. Nilipopelekwa Mombasa mwaka wa 1978 kukaa kwa mjomba wangu, nikiwa na umri wa miaka 12, nilikuta kwamba mto ni kitu cha kulalia pia. Mke wa mjomba aliniambia usiku wa kwanza nichukue mto, nami nikaduwaa. Watoto wa nyumba walicheka hadi wakashika mbavu. Leo nafundisha lugha hiyohiyo katika chuo kikuu, na nimeandika mitihani juu ya vitate na maneno yenye maana zaidi ya moja. Mto huwamo kila mara katika mifano yangu. Sijawahi kuutaja ule wa mchanga.

Hapa panahitaji tahadhari. Mtu aweza kusema kwamba safari ya usiku kwa treni kutoka Makindu hadi Mombasa haiwezi kulinganishwa na safari ya meli na reli hadi upande wa pili wa dunia. Ni kweli. Mimi sikuvuka mpaka wowote. Nilikuwa katika nchi yangu, na likizo zilipofika nilirudi nyumbani. Lakini Hoffman mwenyewe ametufundisha kwamba umbali haupimwi kwa maili. Miongoni mwa kurasa bora za kitabu chake ni zile anazozungumza na Mary Antin, mwandishi wa The Promised Land cha mwaka wa 1912. Antin alizaliwa mwaka wa 1881 katika mji wa Polotsk uliokuwa chini ya utawala wa Urusi, akahamia Boston mwaka wa 1894. Hoffman anashangaa jinsi maisha ya mwanamke yule yanavyofanana na yake. Kisha hafanyi kosa ambalo wengi tungelifanya, la kuufurahia mfanano na kuishia hapo. Anauliza wanapotengana wapi. Anaona kwamba Antin aliandika katika zama ambazo mhamiaji aliweza kusimulia maisha yake kama ushindi, akiamini kwamba Marekani aliyoingia ni kitu kimoja kinachoeleweka. Marekani ya miaka ya 1960 aliyoikuta Hoffman ilikuwa imegawanyika, na vijana wake wenyewe walikuwa wakijiuliza wao ni nani. Kwa namna hiyo Hoffman anatuonesha jinsi ya kumsoma yeye: mkaribie, kisha tafuta pale msipoweza kukaribiana tena. Nitafuata njia hiyo.

Nianze na mkaribiano mkubwa zaidi, ambao pia ndio mchango mdogo wa makala haya katika uhakiki wa kitabu hiki. Ni kisa cha shajara. Rafiki yake wa Vancouver anampa shajara kuwa zawadi ya siku ya kuzaliwa. Binti anakaa mbele ya ukurasa mtupu akijiuliza aandike kwa lugha gani. Kipolandi kinaanza kuwa lugha ya mambo yaliyopita, na kuandika maisha ya leo kwa lugha hiyo ni kama kuyaandika kwa Kilatini. Kiingereza si lugha ya moyo wake. Anachagua Kiingereza, kisha anagundua kwamba hawezi kuandika "mimi". Anajiandikia kwa nafsi ya pili, kana kwamba anamsimulia mtu mwingine mambo ambayo mtu huyo ameyafanya. Hoffman anakieleza kisa hiki kwa misingi ya kisaikolojia: nafsi imepasuka, na Kiingereza kimekuwa lugha ya yule anayejitazama kutoka nje.

Sipingi. Lakini msomaji wa lugha za Kibantu ana jambo la kuongeza. Kipolandi, kama Kiswahili, huiweka nafsi ndani ya kitenzi. Tunaposema "naandika", hatuhitaji kusema "mimi". Mpolandi husema piszę, neno moja, na nafsi imo katika kiishio chake kama ilivyo kwetu katika kiambishi awali. Kiwakilishi huru hutumika kwa ajili ya mkazo. Mtu akisema "mimi naandika", sisi husikia kwamba anashindana na mtu, au anajivuna, au anajitetea. Kikamba nacho ni hivyo hivyo. Sasa mchukue mtoto aliyelelewa katika lugha ambayo nafsi yake imefunikwa na tendo, umwambie kwamba kila sentensi lazima aianze kwa kujisimamisha peke yake, mbele ya tendo, tena kwa herufi kubwa, maana ndivyo Kiingereza kinavyotaka. Si ajabu akakataa. Atakuwa anahisi, bila ya kuweza kusema, kwamba anaambiwa apige kifua kila anapotaka kueleza kwamba amekula au amelala.

Msomaji makini atauliza: mbona kiwakilishi cha nafsi ya pili katika Kiingereza nacho husimama peke yake? Swali ni la haki, nami sidai kwamba sarufi inamaliza mjadala. Naona tu kwamba kusimamisha mtu mwingine mbele ya kitenzi hakuna aibu ile. Unaweza kumtaja jirani mara kumi kwa siku. Kujitaja ndiko kunakomchoma mtu aliyefunzwa kufichama ndani ya tendo lake. Na sisi wenyewe tuangalie namna tunavyoandika katika kurasa za jarida kama hili: "tunaonelea", "yaelekea", "mwandishi wa makala haya". Tunaiita kanuni ya kitaaluma, na kwa kiasi fulani ndiyo. Lakini nilipokuwa nikiwaeleza wanafunzi wangu ile shajara ya Vancouver, mmoja aliinua mkono akauliza kama hiyo si sawa na sisi tunaposema "mwandishi wa makala haya". Nilimpa jibu la mwalimu, nikaendelea na somo. Jibu la kweli lilikuwa ndiyo. Ndiyo sababu nimeiacha kanuni hiyo kwa leo, na wahariri wakiirudisha nitawaelewa.

Sasa pale tunapotengana. Ni katika majina.

Hoffman anasimulia jinsi yeye na mdogo wake walivyopelekwa shuleni na kurudi na majina mapya. Ewa akawa Eva, Alina akawa Elaine. Hakuna aliyewalazimisha kwa ukali. Ilionekana ni jambo la kuwarahisishia walimu. Nilipokisoma kisa hiki mara ya kwanza nilikishangilia kama changu. Kwetu mtoto aghalabu huitwa kwa jina la jambo lililokuwapo alipozaliwa, au hurithi jina la babu au nyanya: Kyalo ni safari, Mutua ni aliyekawia, Wambua na Syombua ni wa mvua. Langu ni miongoni mwa hayo ya mvua. Mwalimu wa Mombasa alilijaribu mara mbili, akaona taabu, akauliza kama sina jina la kanisani. Nilikuwa nalo. Tangu siku hiyo likawa ndilo jina langu kwenye daftari, na darasa zima lilikuwa limekwisha kucheka kwa sababu ulimi wangu haukujua tofauti ya l na r. Nikapiga mstari ukingoni mwa ukurasa wa Hoffman, nikaandika: "Mimi pia."

Niliporudi kukisoma kitabu miaka kadhaa baadaye niliona aibu kwa maandishi yale. Alina hakupewa jina lake kwa sababu ya mvua wala safari. Alipewa jina la dada ya mama yao, aliyeuawa na Wanazi akiwa msichana. Mama yao alikuwa amelirudisha jina hilo duniani kwa kumpa mwanawe. Mwalimu wa Vancouver alipoandika Elaine katika daftari lake hakujua kwamba anamzika mtu kwa mara ya pili. Jina langu la mvua halikuwa na kaburi ndani yake. Nilipolipoteza nilipoteza kitu, lakini nyanya yangu aliendelea kuniita kwalo kila nilipokanyaga ua wake, na mvua ilinyesha tena mwaka uliofuata. Hapo ndipo "mimi pia" inapopaswa kunyamaza. Nimeufuta mstari ule, ingawa wino unaonekana bado.

Mhakiki Marianne Hirsch, mzaliwa wa Romania aliyehamia Marekani akiwa msichana, ameandika juu ya kitabu hiki katika makala yake ya mwaka wa 1994. Anakiri kwamba alijiona ndani yake, kisha anakikosoa: inawezekanaje Hoffman akaiita Poland pepo, ilhali wazazi wake walikuwa ndiyo kwanza wametoka mafichoni na jamaa zao wameuawa? Hoja hii ni nzito, na Hirsch, anayeujua ulimwengu ule kwa karibu, ana haki ya kuitoa. Nathubutu kutofautiana naye kidogo. Mtoto hachagui mahali ambapo maneno yake ya kwanza yatashika. Yalishika Kraków, katika ua, katika chumba cha mwalimu wake wa piano, na yangalishika hapo hata kama wakubwa walijua mambo mengine. Lakini Hirsch anatusaidia kuona kwamba pepo hiyo ina mlango uliofungwa, na kwamba aliyeufunga ni mama.

Huyo mama ndiye aliyenikamata katika usomaji wa pili. Mara ya kwanza nilimsoma binti peke yake. Nilikuwa bado kijana, na kila kijana aliyeondoka kwao humsoma aliyeondoka. Mama yake Ewa anamlalamikia kwamba anakuwa Mwingereza, naye binti anaumia kwa kuwa anajua maana yake: anakuwa baridi. Anajizuia, hapazi sauti, haoneshi hasira wala furaha kama walivyokuwa wakifanya nyumbani. Wangu alinilaumu kwa kinyume chake. Niliporudi likizo nikiwa na miaka 15 nilimwomba anisogezee chumvi, nikaongeza maneno ya heshima ya Mombasa, yale ya "tafadhali" na "samahani", nikiyatafsiri kadiri nilivyoweza kwa Kikamba. Mama aliweka mwiko chini. Akasema nimekuwa Mswahili. Huku bara neno hilo lina ukali wake. Ni mtu wa maneno mengi, ambaye hujui moyoni ana nini. Nami nilikuwa nimedhani ninamwonesha adabu. Yeye alisikia kwamba mwanawe anamwomba chumvi kama mgeni anavyomwomba mwenye nyumba.

Kwa hiyo mama mmoja alilalamikia ubaridi na mwingine akalalamikia utamu wa ulimi, na wote wawili walikuwa wakisema jambo moja. Sikulijua hilo hadi nilipokuwa na mtoto wangu mwenyewe hapa Nairobi, ambaye huzungumza Sheng na wenzake na kunijibu mimi kwa Kiingereza. Nikajikuta jioni moja nikimwambia neno lilelile la mama, ila kwa lugha nyingine. Usomaji wa tawasifu una hatari hiyo: waweza kuingia kwa mlango wa mtoto ukatokea kwa mlango wa mzazi.

Nina lawama moja kwa kitabu. Hoffman anakimalizia katika bustani huko Cambridge, Massachusetts, rafiki yake akimtajia majina ya maua kwa Kiingereza, naye akiona kwamba majina hayo yanatosha, yamejaa. Ni ukurasa mzuri, na ni wazi kwamba ameustahiki. Lakini unatulia mapema mno. Kitabu kilichotuonesha kwa kurasa nyingi jinsi neno linavyoweza kusimama bila ya kugusa kitu, hakiwezi kutuliza shaka hiyo kwa maua ambayo msimulizi anayajifunza ukubwani. Maua hayo hayakuwahi kuwa na jina jingine kwake. Mtihani ungekuwa kumtaka ataje mto. Isitoshe, mama hayumo katika bustani ile.

Mama yangu alifariki miaka michache iliyopita. Nikiwa ndiye msomi wa nyumba, niliombwa niandike wasifu wake wa kusomwa kaburini. Nilijaribu kuuandika kwa Kikamba kwa siku mbili. Sentensi zilitoka za kitoto, kwa kuwa Kikamba changu kiliishia pale nilipopanda treni nikiwa na miaka 12. Nikauandika kwa Kiswahili, kurasa tatu, sanifu. Siku ya mazishi ndugu yangu, ambaye hakuwahi kuondoka nyumbani, alisimama kando yangu akitafsiri papo hapo kila sentensi niliyoisoma. Nilikuwa nimeandika kwamba wengi wenu mlimfahamu mama kutokana na mazungumzo yake mtoni. Ndugu yangu alinyamaza kidogo, kisha akasema ũsĩnĩ. Akina mama waliokaa mstari wa mbele wakaitikia kwa vichwa, na mmoja wao akanyoosha mkono kuelekea bondeni, upande ule uliko mchanga.